Mtoto Aamkaye Kabla ya Kukucha

Katika mtaa wa Dallas mjini Embu, kama katika mitaa mingine yenye vyumba vya kupanga vilivyokaribiana, siku huanza mapema. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri husikika komeo la mlango likifunguliwa, ndoo ya maji ikigonga ukuta, na pikipiki ya kwanza ikiwashwa. Mama auzaye mboga sokoni yu macho tayari, na baba aliye mlinzi wa usiku bado hajarudi. Saa hiyo hiyo, katika nyumba nyingi, mtoto wa miaka miwili au mitatu huketi kitandani na kutangaza kwamba amemaliza kulala. Hataki kurudi chini ya blanketi. Ataka chai, ataka simu, ataka mlango ufunguliwe.

Jambo hili huonekana dogo, na majirani hulicheka. Lakini mzazi aliyeamshwa saa kumi kila siku kwa muda wa miezi kadhaa huenda kazini akiwa amechoka, na hasira yake hufika karibu. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko uchovu. Mtoto aliye macho peke yake gizani, ndani ya chumba kimoja chenye jiko, mafuta ya taa, viberiti na chupa ya chai moto, yumo hatarini kwa muda wote ambao wakubwa bado wamelala. Mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda yamewadhuru watoto wengi katika Kenya, kwa maana mtoto mdogo hajui kusoma, lakini chupa ya soda aijua vizuri sana.

Kwanza yafaa kuliondoa wazo kwamba mtoto wa namna hii ni mkaidi. Usingizi wa binadamu si kitu kimoja kilichonyooka kutoka jioni mpaka asubuhi. Huenda kwa mawimbi. Mtu huzama, kisha hupanda karibu na kuamka, kisha huzama tena, na kwa mtoto mdogo kila wimbi huchukua muda wa saa moja hivi. Mwanzoni mwa usiku huzama sana, hata aweza kubebwa kutoka kiti mpaka kitanda asijue. Lakini ifikapo saa kumi, sehemu kubwa ya haja yake ya usingizi imekwisha kutimizwa, na mawimbi yaliyobaki ni mepesi. Hapo kitu kidogo chatosha kumwamsha: mlango, jogoo, baridi ya miguu, kibofu kilichojaa. Mtu mzima huamka vivyo hivyo, lakini hutazama giza, hujua kwamba bado ni usiku, akageuka na kulala. Mtoto hajui hayo, na ndiyo maana yapasa afundishwe. Wala mtu asimwamuru alale. Usingizi hauamrishwi, na mtoto aliyeambiwa kwa ukali alale huzidi kuwa macho. Linaloweza kufundishwa ni kukaa kitandani kwa utulivu mpaka wakati wa kutoka. Akikaa hivyo, mara nyingi usingizi huja wenyewe.

Kuhesabu saa za usingizi

Kabla ya kutafuta dawa yoyote, wazazi wahesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lasema kwamba mtoto wa miezi 4 mpaka 11 ahitaji usingizi wa saa 12 mpaka 16 katika siku nzima. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2, saa 11 mpaka 14. Na mtoto wa miaka 3 mpaka 4, saa 10 mpaka 13. Usingizi wa mchana umo katika hesabu hiyo. Mwongozo huo wataka pia saa za kulala na za kuamka ziwe zile zile kila siku.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hasa kwa wenye kutumia saa za Kiswahili, kwa sababu saa za usiku hufuatana moja mpaka kumi na mbili bila kukatika katikati. Mathalan, mtoto wa miaka mitatu alala saa moja ya usiku na kuamka saa kumi na moja: kumi na moja toa moja ni kumi. Akilala tena mchana kutoka saa nane mpaka saa tisa, jumla ni saa 11. Mtoto huyu hana upungufu wowote. Amelala vya kutosha, ila ameanza mapema. Mtoto mwingine wa umri huo huo hukaa mbele ya televisheni na wakubwa mpaka saa nne ya usiku, naye huamka saa kumi na moja vile vile. Amelala saa saba, na hata akiongeza saa moja ya mchana, jumla ni saa nane tu. Huyu akosa usingizi usiopungua saa mbili kila siku, na dalili zake ni kulia ovyo mchana, kusinzia wakati wa kula, na kugombana na wenzake kwa jambo lisilo na maana.

Watoto hawa wawili huamka saa moja, lakini mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Yule wa kwanza aweza kucheleweshwa kulala kwa robo saa, akae hivyo siku tatu au nne, kisha robo saa nyingine, mpaka afike saa mbili. Chakula chake cha jioni na usingizi wake wa mchana nao visogezwe kwa kadiri hiyo hiyo. Wa pili lazima alazwe mapema zaidi. Wazazi wengi hufanya kinyume: humkesha mtoto aliyechoka wakidhani kwamba atafidia asubuhi. Hafidii. Mwili wake humwamsha saa ile ile uliyoizoea, na deni la usingizi huzidi. Kwa hiyo penseli na karatasi ziwekwe karibu na kitanda kwa wiki moja, na saa ya kulala na ya kuamka ziandikwe kila siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtu aliyefanya hivyo hushangaa, maana kumbukumbu za mzazi mwenye usingizi hazitegemeki.

Watoto wachanga hawamo katika shauri hili. Mtoto wa miezi michache huamka usiku kwa sababu ya njaa, na yapasa anyonyeshwe.

Jua na saa ya mwili

Ndani ya kichwa cha kila mtu, juu kidogo ya mahali zinapokutana neva za macho mawili, pana sehemu ndogo ya ubongo ifanyayo kazi ya saa. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walipewa Nishani ya Nobel kwa kuchunguza jinsi saa ya namna hiyo ifanyavyo kazi ndani ya chembe za mwili. Nao waliichunguza katika nzi wadogo wapendao matunda. Saa hii hurekebishwa kila siku, na kitu kiirekebishacho kuliko vyote ni mwanga. Mwanga wa jioni huichelewesha. Mwanga wa alfajiri huiharakisha, hata kesho yake mtu huamka mapema zaidi.

Katika jambo hili watu wa Embu na Meru wana bahati ambayo wengi hawaifikirii. Mji wa Embu uko karibu nusu ya digrii kusini mwa ikweta, na jua huchomoza huko karibu wakati mmoja mwaka mzima: mwanzo wa Novemba ni yapata saa kumi na mbili na dakika 10, na katikati ya Februari ni yapata saa kumi na mbili na dakika 40. Tofauti ni nusu saa tu. Mjini London mwezi wa Juni jua huchomoza saa kumi na dakika 43 alfajiri, na mwisho wa Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Mzazi wa London akimwambia mtoto wake angoje jua, mtoto atatoka kitandani saa kumi wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi atachelewa shule. Ndiyo sababu huko wazazi hununua taa za umeme zinazobadilika rangi ili kumwonyesha mtoto kwamba sasa ni ruhusa kuamka. Mzazi wa Embu hana haja ya kununua kitu. Jua lake ni aminifu, na hata saa za Kiswahili zimehesabiwa kwa kulifuata.

Jioni iliyotangulia

Kazi kubwa ya kumtuliza mtoto alfajiri hufanywa jioni. Acheze nje katika mwanga wa saa kumi na saa kumi na moja, kwa maana mwanga huo humsaidia yule anayesinzia mapema mno, na michezo huuchosha mwili. Usingizi wa mchana usipite saa tisa na nusu. Kisha ifuate desturi moja isiyobadilika: kuoga, kula, kukojoa, hadithi fupi au wimbo, kitanda. Haidhuru hadithi ikiwa ile ile kila usiku. Watoto hupenda hivyo kuliko wakubwa wanavyofikiri.

Vitu viwili huharibu desturi hiyo. Cha kwanza ni mwanga mkali. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani wachunguzi waliwaketisha watoto 10 wa miaka 3 mpaka 5 mbele ya meza yenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala, na mwaka 2018 walitangaza kwamba melatonini, yaani ile homoni iuambiayo mwili kwamba usiku umeingia, ilipungua kwa karibu asilimia 88. Watoto hao walikuwa wachache, na meza ile iliwaka kuliko simu yoyote. Lakini yatosha kuonyesha kwamba macho ya mtoto si kama ya baba yake. Katika nyumba ya chumba kimoja haiwezekani kumwambia kila mtu azime taa saa mbili. Hata hivyo leso nzito au pazia laweza kutundikwa kati ya kitanda na viti, televisheni ikageuzwa upande wa pili na sauti yake kupunguzwa. Kitambaa kisifunikwe juu ya balbu wala kutundikwa karibu na koroboi, maana hushika moto.

Kitu cha pili ni chai. Katika nyumba nyingi mtoto hunywa kikombe cha chai nzito ya maziwa pamoja na chakula cha jioni, na hakuna anayeifikiria kuwa kitu cha kumnyima usingizi. Lakini majani ya chai, yawe ya miteremko ya Mlima Kenya au ya kwingine, yana kafeini, na kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Uji au maziwa matupu hufaa zaidi. Asilale na njaa pia: mtoto aliyekula saa kumi na moja jioni na kulala saa moja bila kuongeza kitu, tumbo lake litamwamsha hata kama nyumba nzima imetulia.

Baridi, mabati na kelele

Mwili wa mtu hupoa kuliko wakati wote katika saa za mwisho za usiku. Katika Embu na Meru, hasa kutoka Juni mpaka Agosti wakati ukungu wa mlima unaposhuka, saa hizo ndizo zenye baridi kali pia, na paa la mabati hupoteza joto upesi sana. Mtoto aliyelala amejifunika saa mbili huwa amelipiga teke blanketi saa tisa. Saa kumi huamka kwa baridi, naye hajui kusema kwamba ni baridi. Husema ataka chai. Soksi, sweta nyepesi na suruali ndefu ya kulalia hufanya kazi kuliko blanketi la tatu, maana haziwezi kupigwa teke. Upepo upitao kati ya ukuta na paa waweza kuzuiwa kwa gunia au mbao nyembamba, mradi pabaki nafasi ya hewa kuingia.

Hapa pana onyo ambalo halina mzaha. Watu wengine, kwa kumhurumia mtoto, huingiza jiko la makaa chumbani ili lipashe joto usiku, na kufunga mlango na dirisha. Makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia. Huzidi kulala mpaka afe. Makaa yaliyofifia na kufunikwa na majivu huitoa vile vile. Jiko lote likae nje usiku.

Baada ya baridi hufuata mwanga na kelele. Mashimo ya misumari katika mabati na nyufa za mbao upande wa mashariki huingiza mishale ya mwanga moja kwa moja juu ya mto wa mtoto; vipande vya gundi au lami, au kukigeuza kitanda tu, hulimaliza jambo hilo. Katika ploti zenye taa ya nje iwakayo usiku kucha, pazia zito lahitajika. Kelele za majirani ni kazi ngumu zaidi, na mara nyingi dawa yake ni maneno ya upole kwa mwenye pikipiki kwamba aisukume mpaka barabarani kabla ya kuiwasha.

Kopo au poti iwekwe karibu na kitanda. Choo cha ploti kiko nje, na mtoto akitolewa nje saa kumi, akapigwa na upepo na kuona taa na kusikia sauti za watu, kwake siku imeanza.

Pazia liwe ishara

Sasa yabaki ile saa yenyewe. Mtoto wa chini ya miaka miwili na nusu hivi hawezi kuelewa masharti, na kwake hapana ila kutulizwa na kulazwa tena. Lakini mtoto wa miaka mitatu aweza kuelewa ishara moja, ikiwa ni nyepesi na haibadiliki. Ishara iliyo nyepesi kuliko zote katika Embu ni pazia la dirisha. Jioni mtoto mwenyewe husaidia kulifunga. Huambiwa: “Pazia likiwa limefungwa, ni usiku, tunakaa kitandani. Mama akilifungua, kumekucha.” Si jua lifunguapo pazia, ni mzazi, na kwa sababu nje huwa kumeanza kuwa kweupe kila siku wakati mmoja, mtoto huona kwamba maneno ya mzazi na mambo ya ulimwengu yapatana.

Mtu asianze kwa kumtaka mtoto aliyezoea saa kumi na moja angoje mpaka saa kumi na mbili na nusu. Huko ni kumshinda kabla hajaanza. Siku za kwanza pazia lifunguliwe dakika tano tu baada ya yeye kuamka, naye asifiwe kwa jina kwamba amengoja. Kesho kutwa ziwe dakika kumi, kisha kumi na tano. Wakati pazia halijafunguliwa, aweza kuzungumza polepole na mwanasesere wa kitambaa, au kuimba kwa sauti ndogo. Hakatazwi kuwa macho. Akatazwa kushuka tu. Alalaye na ndugu zake kitanda kimoja afundishwe pamoja nao, na mkubwa wao aambiwe asimjibu wala kumchekesha, maana mara nyingi ni kaka au dada ageuzaye alfajiri kuwa mchezo.

Akishuka, mzazi amchukue bila hasira na kumrudisha. Maneno yawe machache na yale yale: “Bado ni usiku, mwanangu. Pazia limefungwa.” Taa isiwashwe. Asipewe simu atazame katuni ili mama alale dakika ishirini zaidi. Katuni hizo ni malipo, na kesho mtoto ataamka mapema zaidi kuja kuyadai. Asipewe chai wala maziwa saa hiyo, maana tumbo nalo lina desturi, na likilishwa saa kumi siku tano, siku ya sita litaamka lenyewe saa kumi. Akishuka mara saba, arudishwe mara saba. Kumpiga hakusaidii chochote: hofu huuamsha mwili wote, na mtoto aliyelia robo saa hataweza kulala tena hata angetaka.

Yafaa wazazi wajue mapema kwamba siku ya pili na ya tatu huwa mbaya kuliko ya kwanza. Mtoto aliyezoea kupata simu kwa kulia kidogo, asipoipata, hulia zaidi, akidhani kwamba hakulia vya kutosha. Katika ploti yenye kuta nyembamba jambo hili laleta aibu, na wazazi wengi hukata tamaa hapo hapo kwa sababu ya majirani. Ni vizuri kuwaambia majirani kabla ya kuanza. Na baba, mama na nyanya wawe na neno moja. Ikiwa mama humrudisha kitandani na nyanya humpa andazi, mtoto ataamka kumtafuta nyanya, wala si kosa lake.

Shida iliyo kubwa zaidi ni ya mama atokaye nyumbani kukiwa giza, kwenda sokoni, kuchuma majani ya chai au kuwahi gari la kwanza. Mtoto humsikia, huamka, humlilia, na kila siku hujifunza kwamba saa kumi ndiyo saa ya kuagana. Hapana haki kumlaumu mama huyo. Kazi yake ndiyo iletayo unga. Awezalo ni kuandaa nguo, mizigo na viatu mlangoni jioni, kuagana na mtoto kabla ya kulala na kumwambia wazi: “Kesho nitaondoka wewe ukiwa umelala. Shangazi atakufungulia pazia.” Kutoroka bila kusema humfanya mtoto alinde mlango usiku wa pili. Lakini huyo shangazi, au jirani, lazima awepo kweli, ndani ya chumba. Mtoto mdogo kufungiwa peke yake kwa kufuli la nje ni jambo la hatari kuu. Moto ukitokea hakuna wa kumtoa. Badala ya kufuli, komeo liwekwe juu ya mlango kwa ndani, mahali ambapo mtu mzima hulifikia na mtoto halifikii. Mafuta ya taa, viberiti, visu na dawa viwekwe juu pia, na chupa ya chai isiachwe ukingoni mwa meza.

Ikiwa ni ugonjwa

Kuna watoto wanaoamka si kwa desturi bali kwa maradhi, nao hawatatulia kwa pazia. Mtoto ajikunaye matakoni usiku huenda ana minyoo midogo myeupe, na dawa yake hufaa kutolewa kwa watu wote wa nyumba. Ajikunaye kati ya vidole na viganjani huenda ana upele, ambao huwasha zaidi usiku. Kikohozi cha alfajiri kinachorudi kila siku chaweza kuwa pumu. Akoromaye sana na kukatika pumzi akilala, au mwenye homa, au ashikaye sikio na kulia alalapo chali, apelekwe kwa mganga. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao Serikali ya Kenya iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, waweza kumtazama nyumbani na kueleza kama yampasa kwenda zahanati au hospitali kubwa ya Embu au Meru. Ile karatasi ya saa za usingizi ichukuliwe pamoja na kitabu cha kliniki. Yamwokolea mganga maswali mengi.

Dawa za mafua zenye kuleta usingizi asipewe mtoto ili alale. Wako walezi wafanyao hivyo kwa siri, na kwa mtoto mdogo kijiko kimoja kilichozidi chaweza kuzuia pumzi.

Mtoto mwingine hubadilika kwa siku tano, mwingine kwa wiki tatu. Akiugua, akipata mdogo wake, au akienda likizoni kwa nyanya huko Runyenjes ambako watu huamka kukamua ng’ombe, mara nyingi hurudi katika saa yake ya zamani. Hapo mzazi aandike tena saa anayoamka sasa, aongeze dakika tano, na jioni amwite mtoto waje wafunge pazia pamoja.